Sifuri ya Eneo la Kumi na Saba

Jumatatu, 24 Machi. Kilifi

Faili la Malawi limeingia leo saa nne asubuhi. Ndilo lililokuwa limebaki. Sasa nchi zote kumi na moja ziko ndani ya kompyuta yangu. Kila nchi ina namna yake ya kuandika tarehe, umri na kifo, na kazi yangu ni kuzigeuza zote zisomeke kwa mpangilio mmoja, kisha nitoe hesabu. Tunachohesabu ni watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza siku ishirini na nane. Ripoti itasomwa tarehe 26 Juni. Profesa Halvorsen, anayeuongoza mradi kutoka Oslo, ameshaiandikia kichwa: vifo vimepungua kwa theluthi moja katika miaka miwili.

Daktari Lewa, mkuu wetu hapa Kilifi, hutaka daftari la kazi liwe la maamuzi tu, bila maneno mengi. Hili la leo ni langu mwenyewe, la maneno mengi.

Jambo la kwanza: kompyuta imelipigia alama nyekundu eneo la 17. Ni letu, ng'ambo ya mto Sabaki. Katika miaka miwili wamezaliwa watoto 212 na hajafa hata mmoja. Kwa kiwango cha kawaida tungetegemea vifo vinne au vitano. Karani wa nyanjani wa eneo hilo, yaani anayepita nyumba hadi nyumba akiuliza na kuandika, ni Nyevu Kaingu.

Mvua bado. Saumu imenikausha koo.


Alhamisi, 27 Machi. Kilifi

Nimempelekea Daktari Lewa sifuri ya eneo la 17. Aliitazama, akavua miwani.

"Unamshuku mama huyu?"

"Namba zinamshuku."

"Ana miaka tisa na sisi."

"Yule wa mwaka juzi alikuwa na sita."

Wa mwaka juzi alikuwa akijaza fomu sebuleni kwake, tukamgundua kwa sababu kila nyumba aliimaliza kwa dakika nne. Nimetazama muda wa Nyevu. Kila nyumba dakika arobaini, hali wenzake hutumia ishirini na tano. Nilijiambia labda huiacha tableti wazi akipiga soga. Nimeliandika hivyohivyo.


Jumatatu, 31 Machi. Malindi

Idi. Nimekula hadi nikaona haya.


Jumatano, 2 Aprili. Kilifi

Nimeandika pendekezo, sentensi tatu. Eneo la 17 liondolewe katika hesabu kuu. Mkataba wa karani, unaokwisha mwezi huu, usiongezwe. Sababu: takwimu zake hazilingani na za maeneo jirani. Daktari Lewa ametia sahihi na kusema jambo hili litatajwa katika kikao cha makarani, liwe funzo.


Ijumaa, 11 Aprili. Malindi

Mvua imeanza alfajiri. Mama amefurahi, paa limevuja palepale pa mwaka jana.


Jumanne, 15 Aprili. Kilifi

Nyevu amekuja kurudisha vifaa: tableti, chaja, begi, koti la mvua. Ni mara yangu ya kwanza kumwona karibu. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mfupi, leso mbili zimefungwa vizuri, viatu vya mpira vimejaa tope. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia. Koti alikuwa amelifua na kulikunja. Alisubiri nihakikishe kila kitu kimo kwenye orodha, ndipo akauliza.

"Mwanangu, kosa langu ni lipi? Kule kwenye kikao nimetajwa jina, lakini kosa sikutajiwa."

Nikamwambia namba zake hazilingani na za wenzake.

"Sasa mbovu ni zangu au zao?"

"Mama, watoto mia mbili na kumi na wawili, hakufa hata mmoja?"

"Walikufa," akasema. "Ile fomu yenu ndiyo..."

Simu ya mkutano na Oslo ikawa inaita kwenye kompyuta. Nikamwomba radhi, nikamwambia amweleze msimamizi wake. Akasema msimamizi alishaelezwa mara tatu. Nikasema basi andika barua. Akanitazama kidogo, akachukua mwavuli wake.

Mkutano wenyewe ulikuwa wa kuchagua rangi za grafu.


Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Barabara ya kuelekea Mnarani imejaa maji. Nimeunganisha faili la Nepal na la Ghana.


Jumanne, 22 Aprili. Kilifi

Tahmina ameniandikia kutoka Dhaka. Yeye ndiye mwenye takwimu za Bangladesh, na tangu mwaka juzi tunakaguliana kazi. Hapendi salamu ndefu. Ameuliza: "Umeondoa eneo moja kwa sababu ya sifuri. Umehesabu sifuri zote?"

Nilikuwa sijazihesabu. Nilitazama za kwetu tu, kwa sababu ndizo za nyumbani na ndizo zilizoniaibisha. Nikazihesabu. Tuna maeneo 340. Kwa bahati tupu, matatu hivi yangeweza kutoa sifuri. Nimepata kumi na tisa.

Nimempelekea. Akajibu neno moja: "Wapi?"


Jumatano, 23 Aprili. Kilifi

Yote kumi na tisa yako katika nchi saba. Nchi nne zilizobaki hazina hata moja. Hizo nne zinatumia fomu zao za zamani. Saba zinatumia toleo la nne la fomu yetu ya tableti.

Toleo la nne nililitengeneza mimi.

Sikula mchana. Daktari Lewa akaniuliza kama naumwa.


Jumapili, 27 Aprili. Malindi

Mto umefura. Bahari yote mbele ya mji imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sikufungua kompyuta.


Ijumaa, 2 Mei. Kilifi

Leo nimeyafanya yale niliyopaswa kuyafanya siku ya kwanza. Nilitoa tableti ya Nyevu stoo, ile ile aliyoirudisha, nikajifungia katika chumba cha mikutano, nikajifanya karani. Nikaunda nyumba ya uongo na mama wa uongo. Mtoto: alizaliwa hai, ndiyo. Yu hai sasa? Hapana. Alifariki akiwa na umri gani? Siku tatu. Jina lake?

Niliacha wazi. Fomu haikusonga.

Nikaandika "hana." Haikusonga. Nikaandika "mtoto." Haikusonga. Nikaandika "hakupewa jina." Yakatokea maandishi mekundu: Andika jina halisi. Bila jina rekodi hii haitahifadhiwa.

Maneno hayo ni yangu. Nakumbuka hata siku niliyoyaandika: alasiri moja, miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimechoshwa na maelfu ya watoto walioitwa "mtoto," "hana" na "sijui," wasioweza kulinganishwa mwaka kwa mwaka. Nikatia sharti moja. Kesho yake Halvorsen akanisifu kwamba data imekuwa safi.

Baadaye nikaenda kutazama makarani wengine walipataje vifo vyao. Karani mmoja wa kwetu, watoto wake wote waliokufa wiki ya kwanza wanaitwa Amina, wa kike na wa kiume. Mwingine aliandika jina la mama mara mbili. Nchi nyingine ya hizo saba, vijiji kumi, watoto ishirini na mmoja, wote ni Paul. Walibuni jina ili fomu ipite, kazi iishe. Na ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu unasema kwa herufi nzito: Usibuni jibu.

Nyevu hakubuni. Katika hesabu zangu hilo ndilo lililomfanya aonekane mwongo.


Jumamosi, 3 Mei. Malindi

Nilimkuta Mama jikoni anachambua mchele. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza kama ninavyowaelekeza makarani.

"Mama, umezaa watoto wangapi?"

"Swali gani hilo? Wanne. Mahadhi, wewe, Uweis na Shamsa. Umesahau ndugu zako?"

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Nikauliza swali la pili, lile refu lililomo kwenye fomu. "Kuna mtoto yeyote uliyemzaa, akalia au akavuta pumzi, hata kwa saa moja tu, kisha akafariki?"

Aliendelea kuchambua. Nikadhani hakunisikia. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Yuko mmoja. Kabla ya Mahadhi. Wa kike. Aliishi siku nne."

Nina miaka thelathini na sita, na hilo sikuwa nalijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Umeniuliza lini?" Kisha akasema: "Hakufika siku ya saba ya kupewa jina. Babako alikuwa na jina lake tayari, tangu mimba. Akafa yule mtoto, yeye akanyamaza nalo. Nami sikumuuliza. Sasa naye hayupo."

Nikamsaidia kuchambua mchele uliobaki. Hatukuzungumza tena juu ya hilo. Alipoinuka kuutia mchele chunguni aliniambia nizime feni, umeme unakwenda bure.


Jumatatu, 5 Mei. Malindi

Sikwenda Kilifi. Nilikwenda Kisumu Ndogo, anakokaa Nyevu, kwa miguu, maji yakinifika kwenye vifundo. Nilielekezwa kwa jina la Mama Sidi. Nilimkuta barazani akiuza mahamri na mbaazi, wateja wawili wamesimama. Nikangoja zamu yangu.

"Shikamoo, Mama Sidi."

"Marahaba. Unataka mangapi?"

"Nimekuja kukwambia kwamba kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu. Ile fomu nimeitengeneza mimi."

Wateja walinigeukia. Yeye akawafungia mahamri yao, akapokea pesa, akawaaga. Ndipo akanivutia kigoda.

"Nilidhani mtu aliyeitengeneza yuko Ulaya," akasema.

"Yuko hapa."

"Basi hilo ndilo baya zaidi. Wewe ungejua."

Aliingia ndani, akatoka na bahasha. Ndani mlikuwa na zile karatasi za orodha ya nyumba tunazowapa kila mwezi. Nyuma ya karatasi, kwa kalamu ya wino wa buluu, alikuwa ameandika: namba ya nyumba, namba ya mama, wa kike au wa kiume, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na mbele yake "fomu imekataa." Walikuwa saba.

"Nilimwambia msimamizi, akaniambia tia jina lolote, uende mbele. Nikamwambia, mtoto wa watu nimtie jina mimi? Mimi ni nani wake?" Akazikunja karatasi. Nilinyoosha mkono kuzipokea, hakunipa. "Usiniamini mimi. Mlishaonyesha hamniamini. Twende ukawaulize wenyewe."

Nikasema kesho. Akasema kesho njia za shambani zitakuwa chini ya maji. Tusubiri mto ushuke.


Jumatano, 7 Mei

Mvua. Hatujaenda.


Alhamisi, 8 Mei

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Nyevu amepiga simu: "Vaa viatu vya kufulika."


Ijumaa, 9 Mei. Ng'ambo ya Sabaki

Tulivuka daraja saa moja asubuhi, tukashuka njia ya mashambani. Mahindi yaliyokuwa kando ya mto yamelala yote, yamefunikwa na udongo mwekundu kama yaliyopakwa. Bamia zimesimama. Nyevu alitangulia, mimi nyuma nikiteleza. Kila boma tulilopita waliita "Mama Sidi!" na kila mahali aliuliza habari ya mtu kwa jina: mguu wa fulani umepona, fulani amerudi Mombasa. Ndipo nilipoelewa zile dakika arobaini.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeingia nyumba sita. Niliuliza mwenyewe, bila kutazama karatasi zake, naye alikaa nje ili nisidhani anawaongoza. Vifo vyote sita vilikuwa vya kweli. Tarehe zililingana, isipokuwa moja iliyopishana kwa siku moja. Mama mmoja alijibu kwa ufupi na kuendelea kufua. Mwingine aliniuliza kama nimetumwa na serikali.

Nyumba ya saba ni ya Kache Chengo. Ana miaka kama ishirini na sita, ana mtoto wa kike wa miaka mitano, na mume wake hufanya kazi hotelini Kikambala, hurudi mwisho wa mwezi. Alitutandikia mkeka, akatuletea maji. Nikauliza swali langu refu. Hakusita.

"Ndiyo. Wa kiume, mwaka jana mwezi wa nane. Siku mbili. Alizaliwa vizuri, akalia, siku ya pili akawa hanyonyi, akawa wa baridi. Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki. Nesi Sanga alijitahidi naye hadi jioni."

"Mlimpa jina?"

"Bado. Babake alikuwa Kikambala, tulikuwa tukimngoja." Kisha akageuka, akaita nje: "Mama Sidi! Huyu mbona ananiuliza tena? Si ulimwandika?"

Nyevu aliingia akasimama mlangoni.

"Niliandika, mwanangu."

"Basi yumo."

Nilimwona Nyevu ananitazama mimi. Alikuwa ameniachia nijibu.

"Hayumo," nikasema. "Mama Sidi aliandika kwenye karatasi. Kompyuta ilimkataa kwa sababu hana jina. Mimi ndiye niliyeiambia kompyuta ikatae. Sikukusudia yeye, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Mtoto wa Kache alikuja akamlalia pajani.

"Miezi yote hii nilijua yumo," akasema. "Mume wangu aliporudi nilimwambia, angalau ameandikwa mahali."

Halafu akaniambia jambo nililokuwa silijui. Nesi Sanga, ambaye ndiye pekee pale zahanati aliyefundishwa kuhudumia watoto wachanga, amewaaga. Anahamishwa Julai. Wameambiwa eneo hili halina vifo tena, kwa hivyo anahitajika kwingine.

Nilijua hesabu hiyo imetoka wapi. Mwezi wa kwanza tuliwapelekea watu wa afya jedwali la awali, kabla ya ukaguzi. Mstari wa 17 ulikuwa na sifuri, na mtu aliusoma akauamini, kama alivyopaswa.

Wakati wa kurudi, katikati ya daraja, Nyevu akanipa ile bahasha.


Jumatatu, 12 Mei. Kilifi

Nimemweleza Daktari Lewa yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akafunga mlango.

"Kuna njia mbili," akasema. "Ya kwanza, tunasahihisha kwetu, tunaweka maelezo mafupi mwishoni mwa ripoti, fomu inarekebishwa, maisha yanaendelea. Ya pili unaijua."

"Nchi nyingine sita zina fomu hiyohiyo."

"Najua. Na mradi mzima umesimama juu ya ile theluthi. Kuluthumu, mimi siogopi kosa. Naogopa kwamba watakaposikia kosa la fomu, hawatasikia kitu kingine chochote kutoka Kilifi kwa miaka kumi."

Si mtu mbaya. Alinifundisha nusu ya ninayoyajua. Nilimwambia nachagua ya pili, nitaziandikia barua nchi zote. Akasema basi nimwonyeshe kabla sijaituma, atazame lugha.


Jumanne, 13 Mei. Kilifi

Barua imekwenda nchi zote kumi na moja. Ukurasa mmoja. Nimesema sharti nililitia mimi, tarehe fulani, bila kulijaribu nyanjani. Nimesema hatujui ni watoto wangapi wamekosekana. Daktari Lewa alibadilisha neno moja: nilikuwa nimeandika "huenda," akalifuta.


Jumatano 14, Alhamisi 15, Ijumaa 16 Mei

Hakuna jibu kutoka Oslo. Tahmina amejibu baada ya dakika kumi na moja: "Tunaanza kurudia wiki ijayo. Dhaka nako kunanyesha."


Jumatatu, 19 Mei. Kilifi

Halvorsen alipiga simu akiwa peke yake. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Theluthi itabaki ngapi?" akauliza.

"Sijui."

"Kisia."

"Sitaki kukisia. Nilikisia juu ya karani mmoja, nikamfukuzisha kazi."

Nilisikia mlango wa upande wake ukifunguliwa, mtu akisema kitu kwa lugha yao, naye akamjibu. Kisha akasema tuna wiki tano. Maeneo yote kumi na tisa yarudiwe, na mengine arobaini kwa kura. Kila nchi iamue yenyewe.


Ijumaa, 23 Mei. Kilifi

Nchi sita kati ya saba zimekubali. Ya saba imekataa. Waziri wao ameshatangaza kupungua kwa vifo kwenye redio. Mtakwimu wao aliniandikia kwa anwani yake ya nyumbani kuomba radhi.


Jumamosi, 24 Mei. Kisumu Ndogo

Nimekwenda kumwomba Nyevu arudi. Alinisikiliza, akageuza mahamri kwenye mafuta.

"Nitarudi. Lakini nataka barua. Jina langu lilitajwa katika kikao, mbele ya watu arobaini. Barua isomwe katika kikao, mbele ya hao hao arobaini, na kosa litajwe safari hii. Na asome yule yule aliyenitaja."

"Daktari Lewa?"

"Yeye."


Jumatano, 28 Mei. Kilifi

Daktari Lewa ameisoma. Alisimama kuisoma, ingawa huwa anakaa. Aliposema "kosa lilikuwa la fomu, na karani Nyevu Kaingu aliifuata kanuni kuliko sisi tulioitunga," aliurudia mstari huo. Makarani walipiga makofi. Yule wa akina Amina aliinamisha kichwa. Nyevu hakutabasamu wala hakulia. Alinyoosha mkono, akaomba nakala.

Baada ya kikao yule wa akina Amina alinijia. "Mimi nilidhani nawasaidia wasipotee," akasema. Nikamwambia najua. Na kweli, nusu ya watoto wake hawakupotea. Nusu nyingine programu yangu iliwafuta kwa kudhani ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili.


Jumatatu, 2 Juni

Toleo la tano limekwenda nyanjani. Sehemu ya jina sasa inapokea "hakupewa." Nyevu amelijaribu siku nzima kabla sijalituma, akapata makosa mawili.


Jumamosi, 7 Juni. Malindi

Idi ya kuchinja. Nilimpelekea Nyevu sahani ya nyama. Akanipa mahamri.


Jumanne, 10 Juni. Ng'ambo ya Sabaki

Nyumba kumi na nne. Mvua mara tatu. Nimeanza kutambua boma gani lina mbwa.


Alhamisi, 19 Juni. Kilifi

Takwimu zote za nchi sita zilizokubali zimerudi. Dhaka ndiyo iliyomaliza kwanza. Nimepiga hesabu mara mbili, na Tahmina akapiga yake pembeni bila kuiona yangu.

Eneo la 17: waliozaliwa 219, waliofariki 7. Thelathini na mbili kwa kila elfu. Ni zaidi ya wastani wetu, si chini yake.

Kwa jumla, kupungua si theluthi. Ni kama sehemu moja ya kumi. Bado vimepungua. Hilo nalo ni kweli, na nimeliandika.


Alhamisi, 26 Juni. Kilifi

Nimewasilisha mwenyewe kwa njia ya mtandao, dakika ishirini. Kichwa cha Halvorsen kilikuwa kimeondolewa, na chake kipya hakikuwa na namba. Mtu wa wafadhili aliuliza nani anawajibika. Nikasema mimi. Akauliza kama kuna utaratibu wa kuzuia lisitokee tena. Nikamwambia upo: mtu anayeuliza maswali nyumbani kwa watu lazima awe na mahali pa kuandika "fomu hii haifai," na sisi tulazimike kusoma.

Alasiri Halvorsen akaniandikia. Uongozi wa takwimu utahamia kwa Tahmina kuanzia Septemba. Mimi nitabaki na Kenya tu. Amesema ni jambo la kiutawala. Tahmina alipiga simu kabla sijamaliza kusoma, akasema angekataa kama ningetaka akatae. Nikamwambia akubali, yeye ndiye aliyehesabu sifuri.

Nimesikitika, na sitaki kulala nikijidanganya kwamba sikusikitika.


Jumanne, 1 Julai

Nesi Sanga ameondoka leo. Barua yetu ya kuwaambia watu wa afya kwamba ile sifuri ni kosa ilipokewa tarehe 20 Juni, imepigwa muhuri.


Jumatano, 9 Julai. Kilifi

Wamejibu. Nesi atarudishwa zahanati, lakini kwa siku tatu kwa wiki, mbili atakuwa kule walikompeleka, ambako nako wamegundua wanamhitaji. Daktari Lewa amesema tuandike tena. Ameandika yeye mwenyewe safari hii.


Ijumaa, 11 Julai. Ng'ambo ya Sabaki

Njia zimekauka. Upande wa chini, udongo ulioachwa na mto umeshapandwa mchicha.

Kache aliniomba amwone mtoto wake kwenye hesabu. Nilimwambia hakuna picha, hakuna kitu cha kutazama, ni mstari tu. Akasema anajua mstari ni nini. Nikaikagua faili kwanza isiwe na jina la mtu wala kijiji, kisha nikamkalia karibu mkekani na kumwonyesha kwenye tableti. Nyevu alisimama nyuma yetu.

"Huyu hapa. Wa kiume. Mwezi wa nane. Siku mbili. Jina, hakupewa."

Alisoma polepole kwa kidole, kutoka kushoto hadi kulia, hadi mwisho wa safu. Kisha kidole kikashuka mstari wa pili, wa tatu, wa nne.

"Hawa nao?"

"Huyu ni wa Bangladesh. Huyu Malawi. Huyu Nepal, kule milimani. Hawa wawili ni mapacha, Ghana."

"Wote walikuwa hawamo?"

"Wote walikuwa hawamo."

"Na mama zao wanajua kama sasa wamo?"

Nikamwambia sijui. Makarani walirudi kuwauliza, lakini sijui kama kuna aliyerudi tena kuwaambia. Hatukuwa tumelipanga hilo. Hakuna anayelipanga.

"Basi waambieni," akasema, akanirudishia tableti.

Nyevu alikuwa ameshafungua mwavuli kwa ajili ya jua. Akasema mama wa ile nyumba ya kwanza kati ya saba huwa shambani hadi saa tano, tukienda sasa tutamkuta huko. Tukaanza na yeye.